Upande wa Kushoto, Juu ya Sikio

Asubuhi ile wodini tulikuwa hawa: Njuguna, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, fundi wa injini katika kiwanda cha kahawa upande wa Ruiru; Nyambura, mke wake, amekaa sakafuni miguuni pa kitanda; Bwana Wekesa, dresa mkuu, mfunga vidonda na msimamizi wa wodi ya wanaume; ofisa wa polisi, kijana wa Kizungu ambaye shingo yake ilikuwa imeungua na jua; Karanja, gadi, yaani mgambo wa serikali, wa kijiji cha akina Njuguna, aliyeletwa kutafsiri; na mimi, Wambui, nimeshika beseni la maji ya moto. Wagonjwa wengine walikuwa vitandani mwao, lakini walijifanya hawapo. Sikuwalaumu.

Nitawaeleza kilichotokea, ninyi mnaobaki na wodi sasa. Lakini lazima nianze nyuma kidogo, maana bila kujua Bwana Wekesa alitufundisha nini, mtadhani tulikuwa wazimu kuanza kuimba mbele ya polisi wakati wa Hali ya Hatari.

Niliingia hospitali ya Thika kufua bendeji. Wazazi wangu walikuwa wamekufa wakifuatana, mimi nikiwa darasa la tatu, na nyuma yangu kulikuwa na watoto watatu. Shule nikaiacha mara moja, bila kuaga. Nilichuma kahawa, nilibeba kuni, na nilipopata kazi ya kufua bendeji nikaona nimefika Ulaya. Siku hizo bendeji haikutupwa. Ilichemshwa, ikaanikwa, ikakunjwa tena kwa mkono hadi ikaze kama kidole cha mpishi. Siku ya kwanza nilikunja vibaya, Bwana Wekesa akaichukua, akaitupa hewani, ikafunguka yote kama utumbo wa mbuzi.

"Hii ukimfunga mtu kichwani," akasema, "atafika mlangoni ameivaa shingoni. Kunja tena, binti yangu."

Alikuwa mtu wa Magharibi ya nchi, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili. Vitani Burma alibeba majeruhi, na huko aliona vichwa vingi vilivyofunguka. Daktari wetu aliyekuja kutoka Nairobi alipenda kumweleza mambo ya ubongo, na Bwana Wekesa alipenda kutueleza sisi. Kwa kuwa mimi nilikuwa nikiuliza, alianza kuniita karibu na vitanda.

Somo lake la kwanza halikuhitaji kitabu. Alinikunjisha ngumi mbili, akazibananisha pamoja.

"Huo ndio ubongo wako. Ukubwa ni huo huo karibu. Ngumi ya kulia na ngumi ya kushoto. Mkono wako wa kulia unaamriwa na ngumi gani?"

"Ya kulia, Bwana Dresa."

"Ungekuwa umeumba wewe, tungekuwa na shida ndogo. Unaamriwa na ya kushoto. Wamepishana."

Nilikwenda nyumbani nimekunja ngumi hivyo hivyo, nikawaonyesha wadogo zangu. Njeri, anayenifuata, akaniuliza kama kazini sasa tunafundishwa kupigana.

Vyombo vyetu vilikuwa tochi, pini iliyochomekwa kwenye kizibo, na unyoya wa kuku. Tochi ilikuwa ya macho: ukimulika, mboni lazima ijikunje, na kama moja imebaki wazi kama mlango uliosahauliwa, mbio kamwite daktari. Pini na unyoya vilikuwa vya ngozi, kujua mtu anahisi wapi na wapi hahisi. Mgonjwa akinyolewa kichwa, Bwana Wekesa alichovya kijiti katika dawa ya zambarau, akaniwekea alama juu ya upara. Utosini, kuelekea sikio: hapa ndipo viungo vinapoamriwa kusogea. Nyuma kabisa, kisogoni: hapa ndipo macho yanapoonea, ingawa macho yenyewe yako mbele. Chini ya hapo, karibu na shingo: hapa pana usawa wa mwili. Na ndani zaidi, kwenye shina, pumzi. "Hapo pakiguswa," alisema, "usinyoe. Ita padri."

Wagonjwa ndio walionifanya niamini. Kulikuwa na mama aliyeanguka kutoka kwenye lori la wachuma kahawa akaangukia kisogo. Macho yake yalikuwa mazima, lakini alikula nusu ya sahani tu, ya kulia, kisha akalalamika kwamba tunamnyima chakula. Nikazungusha sahani. Akashangaa, akala nusu nyingine, akanishukuru kwa kumwongezea. Kulikuwa na mzee wa kanisa aliyepigwa na tawi kwenye paji la uso. Alipona, akatembea, akahesabu, akakumbuka majina ya wajukuu wake wote, ila adabu ilikuwa imekwenda. Aliwachumbia wauguzi wote, na mimi mara mbili kwa asubuhi moja. Mkewe alikaa kando ya kitanda akilia kwa aibu. Bwana Wekesa akamwekea mkono begani, akamgusa mzee paji la uso kwa kidole, akamwambia, "Mama, anayekuaibisha si mumeo. Ni hapa."

Nilipata ruhusa ya kuosha vidonda, kisha ya kufunga vichwa. Ndivyo nilivyokuwa pale Njuguna alipoletwa.

Alitoka kiwandani amelazwa kwenye gunia, damu imekauka juu ya sikio la kushoto, mfupa umebonyea. Daktari alikuwepo siku hiyo. Alimfungua, akainua kipande cha mfupa, akatoa damu iliyoganda, akamfunga, kisha akaitwa Nairobi. Alituambia atarudi baada ya siku chache, na kwamba mtu huyu asisogezwe kitandani, hata kwa kubebwa na malaika.

Njuguna alipoamka, mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake, na mdomo umevutwa upande mmoja. Nikamwambia afumbe macho, akafumba. Nikamwambia anionyeshe mke wake, akamwonyesha kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza jina lake.

"Te," akasema.

Akasikia mwenyewe alichosema. Akajaribu tena. "Te. Te, te." Macho yake yakapanuka, akaniangalia kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba anayeona watu dirishani.

Bwana Wekesa akagusa sehemu ile ile juu ya sikio lake mwenyewe. "Mahali pa kusemea," akaniambia taratibu. "Anasikia yote. Anajua yote. Ila pa kutengenezea maneno pamevunjika."

Sasa balaa lilikuwa hili. Jioni ile ile Njuguna alipoumia, watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali, waliingia stoo ya shamba lenye kiwanda kile wakachukua unga na dawa. Polisi waliona fundi aliyepasuliwa kichwa karibu na stoo, wakafanya hesabu yao: aliwaona, au alikuwa nao, na kama hasemi ni kwa sababu amekula kiapo. Walitaka majina. Kama hayapatikani kitandani, yangetafutwa kambi ya mchujo. Wakati huo kila mtu alijua watu walivyoulizwa maswali kule. Mtu mzima alitoka huko akichechemea. Mtu mwenye kichwa kilichofunguliwa asingetoka. Na lori tu, na barabara ile ya mashimo, lingetosha kummaliza.

Ndiyo maana asubuhi ile ofisa alikuja na Karanja, na lori likabaki nje likinguruma. Daktari alitarajiwa kesho yake. Kazi yetu ilikuwa kumfikisha Njuguna kesho akiwa kwenye kitanda kile.

"Wewe naitwa nani?" ofisa akamuuliza, kwa Kiswahili chao cha mashambani.

"Te," Njuguna akasema.

"Nani piga wewe?"

"Te, te."

Karanja akacheka kwa pua. Alikuwa mtu mnene kidogo, koti lake la gadi limembana kwapani. "Afande, huyu anakuchezea. Namjua. Kijijini huyu ndiye mwenye mdomo kuliko wote. Mwaka juzi aliniita mbuzi mbele ya watu." Akageuka, akamwambia Njuguna kwa Kikikuyu, "Leo mbuzi ni nani?"

"Afande," Bwana Wekesa akasema, "mtu huyu ameumia mahali pa maneno. Hakatai. Hawezi."

"Wewe mtu wa Kavirondo," Karanja akamwambia, kama watu wa Magharibi walivyoitwa siku zile, "unajua nini juu ya watu wetu? Hawa wanaapa kunyamaza."

Akamshika Njuguna mkono wa kulia, ule uliolala, akauvuta ili amketishe. Bega likageuka vibaya. Na hapo Njuguna akafungua kinywa, akamtukana Karanja tusi refu, lenye mama na ng'ombe ndani yake, kila neno limenyooka. Siwezi kulirudia hapa. Mzee wa kitanda cha tatu, aliyekuwa amejifanya amelala, alikohoa.

Nyambura akaweka kiganja kinywani.

"Ahaa!" ofisa akasema. Shingo yake ikazidi kuwa nyekundu. "Hii ndiyo hawezi? Hii ndiyo gonjwa?" Akamwita askari wa lori alete machela.

Bwana Wekesa alisimama kati ya kitanda na mlango, mikono nyuma, kama alivyosimama akitufundisha, lakini kidole kimoja kilikuwa kinapiga kingine. Akasema polepole kwamba tusi si maneno ya kutengeneza, linatoka lenyewe kama chafya. Kwamba sala ni hivyo hivyo, na wimbo zaidi, kwa sababu wimbo unakaa upande wa pili wa kichwa, ule mzima. "Nipe dakika moja, Afande. Nitamfanya aimbe. Kisha nitamwambia aseme neno moja la wimbo ule ule, na utaona mwenyewe kwamba haliji. Ukiona uongo, mchukue, na mimi unichukue."

Ofisa akaangalia saa yake. "Imba," akasema.

Bwana Wekesa akainama karibu na Njuguna, akaanza kuvumisha wimbo wa kanisa aliouona ni rahisi kuliko yote, wimbo ambao kila Mkristo wa kila dhehebu anaujua.

Niliutambua mara moja. Kwao Magharibi ulikuwa wimbo wa kanisa tu. Kwetu, miaka ile, sauti ile ile ilikuwa imechukuliwa na watu wa msituni, wakaweka maneno yao ndani yake, na mtu alikamatwa kwa kuipiga mluzi akipalilia. Wakikuyu wote mle wodini walijua. Mzee wa kitanda cha tatu alivuta blanketi juu ya kichwa. Bwana Wekesa peke yake hakujua, na sikuwa na namna ya kumwambia anyamaze bila kumwambia pia ofisa kwa nini.

Nilifikiri jambo moja tu. Njuguna atafuata maneno atakayoyasikia kwanza. Nikaweka beseni chini, nikaanza kuimba kwa Kikikuyu, maneno ya kanisa, kama tulivyofundishwa tukiwa watoto.

Mstari wa kwanza niliimba peke yangu. Wa pili, Njuguna akaingia. Jamani, ninyi mmeona wagonjwa wengi, lakini sijui kama mmewahi kuona hilo mara ya kwanza. Mtu aliyekuwa na silabi moja duniani akafungua kinywa chake kilichopinda, na maneno yakatoka mazima, yenye kichwa na miguu. Nyambura alianza kulia bila sauti.

Kisha tukafika mstari wa tatu. Hapo ndipo maneno ya kanisa na yale mengine yalipoachana. Njuguna hakuchagua, maana mahali pake pa kuchagulia palikuwa pamefungwa bendeji. Sauti ilikwenda ilikozoea kwenda. Mimi nikaenda kanisani, yeye akaenda msituni.

Nikapaza sauti. Nikaimba kama niko juu ya mlima na yeye bondeni. Nikajaribu kumfunika, lakini alikuwa na kifua kipana, na Karanja alikuwa amesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwake. Nilimwona Karanja akigeuza kichwa polepole. Aliangalia mdomo wa Njuguna. Kisha akaniangalia mimi. Wimbo ukaisha.

Ofisa hakujua Kikikuyu. Akamgeukia mkalimani wake. "Nini yeye naimba?"

Lori lilikuwa likinguruma nje. Nikawaza juu ya wadogo zangu watatu na pasi yangu ya kazi, na nikaona kwamba haya yote sasa yamo katika kinywa cha mtu aliyeitwa mbuzi mbele ya watu.

"Ya kanisa, Afande," Karanja akasema. "Wanaimba Jumapili."

Bwana Wekesa, ambaye bado hakujua tulikuwa wapi, akaendelea na somo lake kwa utulivu. Akamwambia Njuguna, "Sasa sema neno la kwanza tu. Bila kuimba." Njuguna akakunja uso. Jasho likamtoka. "Te," akasema. "Te. Te!" Akapiga kitanda kwa ngumi ya kushoto, akajaribu tena, mate yakamtiririka, na mwisho akageuza uso ukutani akalia kama mtoto. Ofisa alimwangalia muda mrefu. Alikuwa kijana, nimesema, na nadhani alikuwa na baba mahali fulani.

"Daktari iko kuja kesho?"

"Kesho, Afande."

"Kesho mimi iko rudi." Akatoka.

Karanja alibaki nyuma kidogo, akifunga kifungo cha koti. Alipopita karibu nami alisema bila kunitazama, "Dada, sauti yako ni kubwa mno kwa wodi ya wagonjwa. Punguza."

Bwana Wekesa alinikuta stoo nimeshika meza. Akaniuliza kwa nini sifurahi wakati tumeshinda. Nikamwambia aliuanzisha wimbo gani. Akakaa juu ya sanduku la bendeji, akavua kofia yake.

"Kwetu tunauimba kwenye harusi," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Na yule gadi alisikia?"

"Alisikia, Bwana Dresa."

"Basi huyo ndiye aliyemwokoa. Sisi tulikuwa tunamzika."

Daktari alirudi kesho yake, akamwambia ofisa kwamba mgonjwa haendi popote, na kwa kuwa aliyasema Mzungu kwa Mzungu, yakasikika. Njuguna alikaa nasi hadi mvua zikaisha. Maneno yalirudi machache machache: jina la mke kwanza, kisha maji, kisha matusi yake mengine yote. Alipoweza kutuonyesha kwa mkono wa kushoto, tulielewa kilichompiga: mpini wa kuwashia injini ulirudi nyuma ukampata juu ya sikio. Hakuona mtu yeyote wa stoo. Majina waliyotaka hakuwa nayo hata kabla ya kuumia.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi na vichwa vingi. Bwana Wekesa alistaafu akarudi kwao na unyoya wake wa kuku. Mimi nilibaki na pini. Siku hizi mnampeleka mgonjwa Nairobi, mashine inampiga picha ndani ya fuvu, na mimi nafurahi, ila bado nawaomba mzungushe sahani.

Karanja sikumwona tena. Kwanza sikuthubutu kumtafuta, maana kumshukuru kungemfunga. Baada ya Uhuru nilipouliza, nikaambiwa amehama na familia yake, na baadaye kwamba amekufa. Wa kijiji hawakuwa na neno jema juu yake, na mengi waliyosema, naamini, yalikuwa kweli.

Miezi michache kabla sijastaafu, mama mmoja aliletwa kutoka Ruiru. Kiharusi. Mikono yake yote miwili ilikuwa na nguvu, mdomo umenyooka, na alikuwa akiongea bila kupumzika, kwa heshima na tabasamu. Ila maneno hayakuwa na maana. Aliniambia kuku wamepiga pasi nguo za barabara. Nikamwambia afumbe macho, akanijibu asante, wageni wamefika. Hapo nikajua. Damu ilikuwa imezuiwa nyuma ya sikio la kushoto, mahali pa kupokea maneno. Njuguna alikuwa anaelewa, ila hawezi kusema. Huyu alikuwa anasema, ila haelewi.

Nikamuuliza mwanawe jina la familia na walikotoka. Alipotaja kijiji cha akina Njuguna, nikauliza jina la baba.

"Karanja," akasema. Kisha, kama mtu aliyezoea kujitetea mapema: "Ndiyo, yule gadi."

Nilimpeleka nje kwenye benchi, nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilikuwa mtoto mdogo, mama. Aliyesumbuliwa ni huyu. Kisimani walimpisha kama mwenye ukoma. Kila mwaka alimuuliza baba: niambie hata mtu mmoja uliyemsaidia, nipate la kuwajibu. Baba alikuwa ananyamaza. Mwambie yeye."

Nikarudi wodini, nikavuta kiti, nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Kikikuyu, polepole, kwamba mumewe aliokoa maisha ya mtu, na yangu, na ya wadogo zangu watatu. Aliniangalia usoni kwa makini sana, akiitikia kwa kichwa kila niliponyamaza, kama mwenyeji mwenye adabu. Nilipomaliza alinipigapiga mkono.

"Sufuria zimelala vizuri," akaniambia. "Karibu kikapu."

Ameruhusiwa kwenda nyumbani sasa. Mahali pale huweza kupona kidogo kidogo kwa baadhi ya watu, na mwanawe anasema juzi alimwambia funga mlango, akaufunga. Nyumba yao haiko mbali na stesheni ya Ruiru. Nimekwenda Jumanne zote tangu niache kazi, nikakaa naye, nikamweleza tena tangu mwanzo, na Jumanne hii pia ameniangalia hivyo hivyo, akanimiminia chai, na bado hajaelewa ninachotaka asikie juu ya mumewe.